Namna ya Kuchagua Bima ya Mazao, na Namna ya Kuihama Isipokufaa

Mkulima wa mahindi au alizeti katika Tanzania ya kati anapofikiwa na wakala wa bima, jambo la kwanza analoulizia ni ada, na wakala naye huwa tayari kumjibu kwa sababu ada ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kueleza. Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine. Swali la kwanza liwe ni namna hasara itakavyopimwa: nani ataipima, kwa kutumia nini, na katika siku zipi za msimu. Nimekuwa katibu wa chama cha ushirika wa mazao kwa misimu kadhaa, na wanachama niliowaona wakirudi na hasira mavuno yalipokwisha hawakuwa wameonewa katika bei. Walikuwa wamenunua bima iliyopima kitu tofauti na kile kilichoharibu mashamba yao.

Hatua ya kwanza: andika historia ya shamba lako

Kabla ya kukaa na wakala yeyote, chukua daftari uandike misimu kumi iliyopita, kila msimu na mstari wake: tarehe uliyopanda, mbegu uliyotumia, magunia uliyovuna kwa ekari, na jambo lililopunguza mavuno. Usipokumbuka, waulize majirani na afisa ugani wa kata, na wazee pia, ambao mara nyingi huikumbuka miaka ya njaa kwa usahihi kuliko karatasi zetu. Kazi hii huchukua jioni mbili na haina gharama, nayo ndiyo itakayokuongoza katika hatua zote zinazofuata.

Dodoma, kwa mfano, hupata msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili, na wastani wa mvua ya mwaka ni kati ya milimita 500 na 600. Kiasi hicho kinatosha mazao mengi kikisambaa vizuri, lakini tatizo la huku ni mvua kukatika katikati ya msimu, aghalabu Januari au Februari, wakati mahindi yanatoa mbelewele, yaani maua yake ya juu. Mkulima mwingine atakuta kwamba katika misimu yake minne mibaya, miwili iliharibiwa na ukame huo, mmoja na viwavijeshi vamizi, waliojitokeza nchini mwaka 2017, na mmoja na ndege aina ya kwelea kwelea waliovamia mtama. Huyo anapaswa kujua mapema kwamba bima inayopima mvua peke yake ingemfaa katika misimu miwili kati ya minne, na aamue kama nusu hiyo inatosha kwa fedha atakayolipa.

Hatua ya pili: tambua aina ya bima unayouziwa

Majina ya kibiashara ni mengi, lakini nyuma yake kuna aina tatu tu, na usikubali kuendelea na mazungumzo mpaka wakala akutajie waziwazi yake ni ipi.

Ya kwanza ni bima ya hali ya hewa, ambayo wauzaji wengi huiita bima ya faharasa. Hapa hakuna mtu anayekuja kuangalia shamba lako. Kampuni hupima mvua ya eneo, kwa kituo cha hali ya hewa au kwa takwimu za setilaiti, na mvua ikishuka chini ya kizingiti kilichoandikwa katika mkataba, wote waliokatiwa bima katika eneo hilo hulipwa kwa hesabu moja. Tuseme mkataba unaweka kizingiti cha milimita 60 kwa kipindi cha kutoa maua, na kikomo cha chini cha milimita 20 ambapo fidia ya kipindi hicho hulipwa yote, yaani shilingi 80,000 kwa ekari. Mvua ikipimwa milimita 35, pengo ni milimita 25 kati ya 40, sawa na asilimia 62.5, na malipo ni shilingi 50,000. Fanya hesabu hii pamoja na wakala kwa kalamu, kwa tarakimu za mkataba wake mwenyewe. Akishindwa kuifanya, mwombe amlete anayeweza.

Ubora wa aina hii ni kwamba ada huwa nafuu na malipo hayangoji mkadiria hasara. Udhaifu wake ni kwamba mvua inayopimwa si lazima iwe mvua iliyonyesha kwako. Takwimu za setilaiti zinazotumiwa sana huigawa nchi katika miraba yenye upande wa kilomita tano au zaidi, na kila mkulima wa vijijini anajua kuwa mvua ya Februari inaweza kunyesha upande mmoja wa kilima na kuuacha mwingine mkavu, ilhali pande zote mbili zimo ndani ya mraba mmoja.

Ya pili ni bima ya wastani wa mavuno ya eneo. Wataalamu huchagua mashamba bila upendeleo katika kata au kijiji, hupima vipande vidogo wakati wa kuvuna, kisha hulinganisha wastani uliopatikana na wastani wa miaka iliyopita. Kama wastani wa kihistoria ni magunia 8 kwa ekari na bima inalinda asilimia 70, kizingiti ni magunia 5.6. Msimu ukitoa magunia 4.2, upungufu ni asilimia 25 ya kizingiti, na mkulima aliyejikatia bima ya shilingi 300,000 hulipwa 75,000. Serikali ya Kenya ilianza na aina hii kwa wakulima wa mahindi mwaka 2016, katika kaunti za Bungoma, Embu na Nakuru. Kwa mkulima mdogo ambaye hatari zake ni za kuchanganyika, yaani ukame, wadudu na magonjwa, mimi naiona kuwa ndiyo inayokaribia haki zaidi, kwa kuwa inapima magunia yenyewe. Hata hivyo, shamba lako likiharibika peke yake huku ya jirani yakistawi, hutapata kitu.

Ya tatu ni bima ya hasara halisi, ambapo mkadiria hasara hufika shambani kwako. Hii humfaa zaidi mwenye shamba kubwa, au chama chenye mashamba ya pamoja, kwa sababu gharama ya kumsafirisha mkadiria kwenda kuangalia ekari mbili hukaribia kuimaliza ada yenyewe. Mkataba wake huwa na sehemu ya hasara ambayo mkulima hujibebea mwenyewe kabla fidia haijaanza kuhesabiwa, na huwa na muda wa kutoa taarifa unaotajwa kwa siku. Yajue mambo hayo mawili kabla ya kusaini.

Hatua ya tatu: linganisha kalenda ya mkataba na kalenda ya shamba

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoona wanachama wetu wakiumia.

Mkataba wa bima ya hali ya hewa huugawa msimu katika vipindi: kuota, kukua, kutoa maua na kujaza punje. Kila kipindi kina tarehe zake na kizingiti chake. Msimu mmoja, kampuni ambayo sitaitaja ilituuzia mkataba uliochukulia kwamba tumepanda tarehe 5 Desemba, hivyo kipindi cha maua kilihesabiwa kuanzia tarehe 16 Januari hadi tarehe 5 Februari. Mwaka huo mvua za kupandia zilichelewa, na wengi wetu tuliweka mbegu ardhini tarehe 22 Desemba. Mbegu ya muda mfupi tuliyotumia hutoa mbelewele baada ya siku hamsini na kidogo, yaani karibu tarehe 12 Februari. Mvua ilinyesha vizuri hadi tarehe 8, kisha ikakata kwa majuma matatu. Nakumbuka nikiingia katika shamba la mama mmoja mwanachama wetu na kumenya hindi moja: ndevu zilikuwa zimekauka na kugeuka kahawia kabla ya kupokea chavua, na ndani ya gunzi mlikuwa na punje kumi na moja. Katika karatasi ya kampuni, kipindi cha maua kilikuwa kimepita salama na kilikuwa na mvua ya kutosha. Hakuna aliyelipwa, na kwa mujibu wa mkataba tulioutia saini sisi wenyewe, kampuni haikuwa imekosea.

Tangu hapo ninawaambia wanachama waulize maswali matatu na waandike majibu. La kwanza, siku za kuhesabu zinaanza kwa tarehe iliyokwisha kuwekwa, au zinaanza mvua ya kupandia inapothibitishwa? Mikataba ya namna ya pili ipo, na kwa sehemu zenye mvua za kusitasita ndiyo inayofaa. La pili, vipindi vimepangwa kwa mbegu ya siku ngapi? Mkataba wa mahindi ya siku 120 hautamlinda aliyepanda ya siku 90. La tatu, kipindi gani kimepewa fungu kubwa la fidia? Kwa mahindi, majuma mawili kabla na majuma mawili baada ya kutoa ndevu ndiyo yenye hatari kubwa kuliko yote, na mkataba unaoweka fedha nyingi katika kipindi cha kuota, huku ukiacha kidogo kwa kipindi cha maua, umepangwa vibaya hata kama ada yake ni ndogo.

Hatua ya nne: ujaribu mkataba kwa misimu iliyopita

Chukua lile daftari la misimu kumi, umwombe wakala akuletee maandishi yanayoonyesha mkataba wake ungelipa kiasi gani katika kila mmoja wa misimu hiyo. Kampuni inayouza bima ya faharasa inazo takwimu hizo, kwa sababu bila hizo isingeweza kukokotoa ada. Linganisha msimu kwa msimu. Kama mkataba ungelipa katika miaka uliyovuna vizuri na kukaa kimya katika miaka uliyopata gunia moja, umepata jibu lako, na hakuna punguzo la ada linaloweza kulibadilisha.

Pima pia hatari ambazo hazimo kabisa. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliufunika mji wa Katesh na mashamba ya jirani, na watu wengi walipoteza maisha. Bima ya ukame, hata iwe nzuri namna gani, isingekuwa na neno lolote juu ya shamba lililofunikwa na tope. Anayelima bondeni au kando ya mto aulize kwa jina: mafuriko yamo? Mvua ya kupita kiasi imo? Moto je? Mkataba usipoitaja hatari, hesabu kwamba haimo.

Hatua ya tano: kiasi, ada na uhalali wa muuzaji

Unaweza kukatia bima gharama ulizoweka shambani, yaani mbegu, mbolea, kulima na palizi, au thamani ya mavuno unayotarajia. Ada hukokotolewa kama asilimia ya kiasi hicho, na kwa mazao yanayotegemea mvua mara nyingi huwa kati ya asilimia 5 na 10, hivyo anayejikatia bima ya mavuno yote hulipa zaidi. Kwa mkulima mdogo ninashauri aanze na gharama za pembejeo, kwa maana lengo la kwanza ni kuweza kupanda tena msimu ujao bila kuuza mbuzi au kukopa kwa riba ya mtaani. Kumbuka kwamba nchini Tanzania bima ya kilimo cha mazao imesamehewa Kodi ya Ongezeko la Thamani. Ukiona kodi hiyo imejumlishwa katika hesabu, omba maelezo.

Hakikisha kampuni na wakala wamesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, inayojulikana kama TIRA. Kwa upande wa Kenya, msimamizi ni Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Mwombe wakala namba yake ya usajili, kisha uulize ofisi ya TIRA ya kanda. Lipa kwa njia inayoacha ushahidi, iwe benki au simu, kwa jina la kampuni wala si la mtu binafsi, kwa sababu bima haianzi kufanya kazi mpaka ada imepokewa, na fedha iliyobaki mfukoni mwa wakala haijapokewa.

Chunguza vilevile kama huna bima tayari. Mikopo mingi ya kilimo huja na bima ndani yake, na hata pembejeo zimewahi kuuzwa pamoja na bima, kama ilivyofanyika Laikipia nchini Kenya kuanzia mwaka 2009 katika mpango wa Kilimo Salama. Ukiwa na mkopo, mara nyingi fidia huenda kwanza kwa mkopeshaji ili kulipia deni, na kinachobaki ndicho chako. Huo ni utaratibu wa kawaida, lakini mkulima anapaswa kuujua kabla ya kusaini, asije akaukuta siku ya malipo.

Hatua ya sita: kuhama

Bima nyingi za mazao ni za msimu mmoja, kwa hiyo kuhama maana yake ni kutofanya upya mkataba wa zamani na kuingia katika mpya kabla ya kupanda. Wakati wake ni mfupi. Kampuni hufunga dirisha la mauzo kabla ya mvua kuanza, kwa kuwa haziwezi kumuuzia bima ya ukame mtu ambaye amekwisha kuuona ukame. Kwa Tanzania ya kati, ninapendekeza kulichambua daftari mwezi Agosti, kuomba mikataba miwili au mitatu mwezi Septemba, kuilinganisha Oktoba, na kukamilisha malipo mapema Novemba. Anayeanza kutafuta mawingu yakiwa yamekwisha kutanda atapewa kilichobaki.

Kabla ya kuondoka, jiridhishe kwanza kwamba kule unakokwenda ni kwingine kweli. Kampuni kadhaa za bima nchini ziliungana katika konsotia ya bima ya kilimo iliyozinduliwa mwaka 2023, kwa hiyo inawezekana mawakala wawili wenye sare tofauti wakawa wanakuuzia bima ileile. Weka mikataba miwili mezani, ulinganishe aina ya kipimo, eneo la kipimo, tarehe za vipindi, kizingiti, hatari zisizokatiwa na muda wa malipo. Kama mambo hayo yote yanafanana, tofauti iliyobaki ni ada na huduma.

Usivunje mkataba katikati ya msimu kwa sababu tu umesikia ulio bora. Ada uliyolipa huenda isirudi, na ule mpya hautalipia kipindi kilichopita. Hasara iliyotokea ndani ya muda wa mkataba wa zamani inabaki kuwa jukumu la kampuni ya zamani hata baada ya wewe kuhama, hivyo hifadhi hati, stakabadhi na ujumbe wa simu mpaka dai lifungwe. Kama umekubali ada ikatwe moja kwa moja katika simu au katika malipo ya mazao yako kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika wa masoko ya mazao, futa idhini hiyo kwa maandishi, la sivyo utajikuta unalipa kuwili. Kuwa na bima mbili za hasara halisi juu ya shamba moja hakukupi fidia mara mbili, maana bima hurudisha kilichopotea na haipaswi kumpa mtu faida, na usipoitaja ile ya kwanza dai lako linaweza kukataliwa.

Mwenye mkopo apate kwanza barua ya kibali kutoka kwa mkopeshaji. Na pale ambapo mwenye bima ni chama, mwanachama mmoja hawezi kuhama peke yake: hoja iletwe katika mkutano, mikataba isomwe kwa sauti, na uamuzi uandikwe katika muhtasari. Jambo hili huchosha, lakini katika chama chetu, mara ya kwanza tulipousoma mkataba mzima mbele ya wanachama, bibi mmoja asiyejua kusoma ndiye aliyeuliza kwa nini kituo cha mvua kilichotajwa kiko ng'ambo ya milima.

Wafugaji wanaohama bima waangalie jambo moja zaidi. Bima ya vifo vya ng'ombe kwa kawaida ni ya mwaka mzima, huhitaji daktari wa mifugo kumkagua mnyama na kumvisha hereni ya utambulisho, na mara nyingi huwa na kipindi cha kungoja kabla vifo vya magonjwa havijaanza kulipiwa. Acha bima ya zamani iendelee mpaka kipindi hicho cha ile mpya kiishe. Bima ya malisho inayopimwa kwa setilaiti, iliyoanza Marsabit nchini Kenya mwaka 2010, haihitaji ukaguzi wa mnyama, lakini nayo hulipa kwa ukame wa malisho peke yake.

Msimu ukiendelea, na malipo yasipokuja

Weka kipimo cha mvua shambani, hata kama ni cha kujitengenezea, uandike kila asubuhi. Piga picha za zao kila baada ya majuma mawili, zikiwa na tarehe. Katika bima ya faharasa rekodi zako hazitabadilisha malipo ya msimu huo, lakini ndizo zitakazokupa hoja wakati wa kudai kituo cha karibu zaidi au tarehe tofauti msimu unaofuata. Katika bima ya hasara halisi, toa taarifa kwa maandishi ndani ya siku zilizowekwa, na usilime upya wala kulishia mifugo mabua kabla mkadiria hajafika. Ukikataliwa, omba sababu kwa barua, lalamika kwanza kwa kampuni yenyewe, kisha TIRA au Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiwa na nakala ya kila karatasi.

Inaweza kutokea kwamba, baada ya hatua zote hizi, hakuna mkataba hata mmoja unaolingana na daftari lako. Katika hali hiyo ni halali kabisa kutonunua msimu huo. Fedha ya ada itumike kununua mbegu ya muda mfupi, au sehemu ya shamba ipandwe mtama au uwele badala ya mahindi, na kampuni iandikiwe barua ikieleza ni kipindi kipi na kituo kipi kilichowafanya msinunue. Sisi tuliandika barua ya namna hiyo yenye saini za wanachama 43. Msimu uliofuata tuliletewa mkataba ambao siku zake zinaanza kuhesabiwa mvua ya kupandia inapothibitishwa.